Atakuja na Hatakuja

Neno tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji mwezi huu ni dogo sana. Ni herufi moja tu. Yamkini wako watakaosema, Mwalimu huyu amekosa la kuandika hata akatuletea h? Twawaomba wavumilie mpaka tufike kwenye habari ya mashua, kwa maana sisi wenyewe, kabla ya mashua hiyo, tuliihesabu herufi hii kuwa kitu kidogo, na tukaihesabu hivyo kwa muda wa miaka minane tukiwa na chaki mkononi.

Twafundisha Mbuchi, katika delta ya mto Rufiji, wilaya ya Kibiti. Msomaji asiyepata kufika huku na aelewe kwamba mto huu, ukikaribia bahari, hauendi tena kwa njia moja. Hujigawa mikono mingi, na kati ya mikono hiyo pana mikoko na matope na mashamba ya mpunga. Safari za huku haziamuliwi na saa ya ukutani, huamuliwa na maji. Maji yakijaa, mtumbwi hupita; yakipwa, hulala juu ya tope, na mwenye haraka hukaa pamoja nao akitazama kaa wakitembea. Mpunga ukianza kuiva, madawati yetu hupungua watu, kwa kuwa watoto wako madunguni wakiamia ndege. Hatusemi haya kwa kulalamika. Twataka msomaji ajue kwamba wanafunzi wetu ni watoto hodari, wasomao maji na upepo kabla hawajasoma kitabu, na ambao kila neno la kitabuni hawana budi kulipata kutoka kinywani mwa mwalimu.

Kila Ijumaa, baada ya mapumziko, tulikuwa na imla. Twasoma sentensi kumi, kila moja mara mbili, nao waandika; kisha twazikusanya daftari, na Jumamosi twakaa chini ya mwembe na kalamu nyekundu. Maneno ya kukanusha ndiyo yaliyotupa kazi kuliko yote. Huyu aandika "si jui", maneno mawili yaliyoachana kama watu waliogombana. Yule aandika "simtu mbaya", yote kwa pamoja. Mwingine aandika "siku lala", hata msomaji akangoja kuambiwa ni siku gani hiyo. Makosa kama haya tuliyapiga mstari mwekundu na kukata alama. Lakini mtoto aliyeandika "asomi" mahali pa "hasomi", au "akuna" mahali pa "hakuna", huyo tulimwekea kitone kidogo tu, tukampa alama yake kamili. Tulijiambia, Nani asiyefahamu alichokusudia?

Na kwa neno kama "hasomi" hoja yetu ilikuwa na nguvu kidogo. Kiswahili kimelikinga neno hilo pande zote mbili: kichwani kimeweka ha, na mkiani kimegeuza a kuwa i. Mwizi akiiba h ya mbele, ile i ya nyuma hubaki ikipiga kelele. Kosa letu ni kwamba tulidhani maneno yote yamekingwa hivyo, wala hatukukaa siku moja tukayahesabu yale yasiyo na mlinzi.

Sasa habari ya mashua. Ilikuwa wakati wa masika, na binti wa bibi mmoja, jirani yetu, alikuwa karibu kujifungua. Mkunga alikwisha kuwaambia kwamba mimba hii si ya kungojewa nyumbani, na watu wa nyumba ile wakapatana na mwenye mashua moja ya mashine kwamba nahodha wake aje alfajiri, maji yakiwa yamejaa, amchukue mgonjwa na kumpeleka kwenye matibabu. Jioni ile nahodha akashikwa na homa. Mwenye mashua alikuwa ameinama juu ya mashine, mikono yake imejaa mafuta, na simu yake imekwisha chaji. Akamwita mpwa wake, binti wa Darasa la Tatu, mwanafunzi wetu, akamwambia achukue kalamu aandike upesi kwamba nahodha hatakuja alfajiri, ampe kijana aliyekuwa akielekea upande wetu kwa mtumbwi. Ni mtu wa maneno machache. Hakuongeza sababu wala salamu. Binti akaandika kwa mwandiko mzuri, tena wenye nukta mwishoni, "Nahodha atakuja alfajiri."

Karatasi ilipofika, mtoto mkubwa wa nyumba ile akaisoma kwa sauti, na wote wakamshukuru Mungu. Usiku huohuo ulikuwapo mtumbwi mwingine wa mashine uliokuwa ukiondoka na maji, na mwenye mtumbwi akajitolea kumchukua mgonjwa. Wakamwambia, Ahsante, ndugu yetu, sisi tunaye nahodha wetu, atakuja alfajiri. Akaenda zake.

Alfajiri walikuwa ufukoni. Mgonjwa alikaa juu ya mkeka, mwavuli juu yake, maana manyunyu yalikuwa hayajaacha. Maji yakajaa, yakasimama, yakaanza kurudi. Jua likatoka. Kila sauti ya mashine iliyosikika nyuma ya mikoko walisimama, na kila mara ilikuwa ya mwingine aendaye kwingine. Mizizi ya mikoko ilipoanza kuonekana, bibi yule aliona kwamba wamebaki. Uchungu ulikuwa umekwisha kushika. Mwishowe wavuvi wawili walimchukua kwa mtumbwi wa makafi, wakipita mahali penye kina na kushuka kusukuma mahali palipokauka. Na mtoto alizaliwa njiani, ndani ya mtumbwi, katikati ya mikoko, bibi yake akiwa ndiye mkunga. Mungu ni mwema, mtoto yu hai. Mama yake alipoteza damu nyingi, akalala kwa majuma mengi, na hata mavuno ya mwaka ule hakuweza kuinama shambani.

Siku chache baadaye bibi alikuja shuleni. Tukatoka nje kumpokea, tukamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu," akafungua fundo katika pindo la kanga, akatoa karatasi ile iliyokunjwa mara nne.

"Nisomee," akasema.

Tukasoma. Tulikuwa tumekwisha kusikia habari yote, kwa hiyo tukaanza kumweleza kama tunavyoeleza darasani: kwamba mtoto amekosea herufi, kwamba imeandikwa "atakuja", nayo ilitakiwa kuandikwa "hatakuja".

Bibi akatutazama. "Hebu yaseme tena hayo mawili."

Tukayasema tena.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikusoma, lakini masikio ninayo. Hayo uliyoyataja mawili, kinywani mwako ni moja. Mtoto hakukosea. Aliandika maneno yako."

Hatukuwa na jibu. Lugha tuliyonyonya kwa mama yetu haina sauti hii, nasi tulikuja Pwani tukiwa watu wazima. Chuoni tulikosomea ualimu tulijifunza kuiandika h mahali pake pote, hata hatukukosa alama hata moja. Lakini mkono ulijifunza, na kinywa kilibaki nyumbani. Kwa miaka minane tulisoma imla "ana" na "hana" kwa sauti moja, tukawaacha watoto wabahatishe, kisha tukasahihisha bahati zao kwa wino mwekundu. Tena tulipowawekea vitone badala ya kukata alama, tulijiona wapole.

Tulimwita binti yule, si kwa kumgombeza, maana alikwisha kulia vya kutosha nyumbani. Tukamwuliza kwa nini hakuandika h, naye amewahi kuiona vitabuni. Akasema, "Nilidhani ni ya hiari, Mwalimu." Na hilo neno "hiari" akalitamka "iari". Hatukuweza kumcheka, tulisikia sauti yetu wenyewe ikitoka katika kifua cha mtoto.

Usiku ule tulikaa na taa na kuyahesabu maneno yasiyokingwa, nasi twapenda wazazi wayajue, kwa kuwa barua nyingi za nyumbani huandikwa na watoto. La kwanza ni hilo la wakati ujao: atalipa na hatalipa, atapona na hatapona. Mkia haubadiliki, kazi yote imewekwa juu ya h peke yake. La pili ni ana na hana, na mwenye duka aliyeandikiwa moja kwa nyingine atajua tofauti yake siku ya kudai. La tatu ni maneno yote tuliyoyapata kwa Waarabu, ambayo hayaishii kwa a, na kwa hiyo hayawezi kugeuza mwisho. "Baba harudi" ni habari ya huzuni. "Baba arudi" ni ombi. "Mungu asamehe" ni sala ambayo kila mmoja wetu ameisali, na "Mungu hasamehe" ni kufuru, na kati ya sala na kufuru pana pumzi moja. Na liko la nne ambalo lilitushtua kuliko yote, kwa wale wasemao kama wazee wa Pwani. "Baba akupenda" maana yake anakupenda sasa. "Baba hakupenda" ni kwamba siku ile hakuona vema. Tulijiuliza ni mara ngapi tumesimama mbele ya watoto katika mafundisho ya Jumapili tukisema neno hilo la kwanza, na ni watoto wangapi waliosikia la pili.

Ndipo tukafungua Kitabu cha Mwanzo. Mungu alionya kwamba wakila tunda lile watakufa. Nyoka hakuleta hadithi ndefu, wala hakukana kwamba mti upo, wala kwamba amri imetolewa. Alilichukua neno lilelile akalitia silabi moja mbele, akasema kwamba hawatakufa. Tumekuwa tukifundisha sura hiyo miaka yote, nasi hatukuwahi kuona kwamba katika Kiswahili chetu uongo wa kwanza wa dunia ni urefu wa ha.

Wala si Waswahili peke yao waliopatwa na hatari hii. Mwaka 1631 wapiga chapa wa mfalme huko London, Robert Barker na Martin Lucas, walichapa Biblia ya Kiingereza, na katika zile Amri Kumi, kwenye amri ya kukataza uzinzi, neno dogo la kukanusha likaanguka. Basi kitabu kitakatifu kikawaamuru watu kuzini. Mfalme Charles wa Kwanza alikasirika. Wapiga chapa walitozwa faini ya paundi 300 na kunyang'anywa ruhusa ya kazi yao, na nakala zikakusanywa zikaharibiwa, isipokuwa chache ambazo zimebaki hata leo na watu huzitunza kwa ajabu yake. Waingereza walipoteza neno zima. Sisi hatuhitaji kupoteza kiasi hicho: katika "usizini" toa si iliyo katikati, itabaki "uzini", neno kamili lisilo na kovu, wala jicho halitaona mahali lilipokatwa.

Basi tulianza upya, na wa kwanza kufundishwa alikuwa mwalimu. Jirani yetu mmoja anafundisha chuo cha Kurani, na tulikuwa tumeona kwamba watoto waliokaa kwake muda mrefu hawaipotezi h kwa urahisi. Hatukuona haya kumwendea. Alituambia kwamba katika herufi zake h ziko mbili, moja ya kooni na moja nyepesi, na kwamba hamruhusu mtoto kuvuka mstari mpaka kila moja itoke mahali pake. Akatuambia tuweke kiganja mbele ya kinywa tukaseme "ha" kama mtu apuliziaye kioo ili akifute. Tukasema. Akatikisa kichwa. Tukasema tena. Tulikaa barazani kwake jioni nyingi tukipulizia viganja vyetu, na watoto wake wadogo walikuwa wakijificha nyuma ya mlango wakicheka. Nasi twakiri kwamba walikuwa na haki.

Tulipoona kinywa kimeanza kutii, tukaipeleka kazi darasani. Tulitoa watoto nje, kwenye uwanja wenye mwembe upande mmoja na mnazi upande wa pili. Anayesikia kwamba jambo litakuwa akimbilie mwembe. Anayesikia kwamba halitakuwa akimbilie mnazi. Siku ya kwanza tulisema, "Mvuvi atarudi," kisha "Mvuvi hatarudi," na nusu ya darasa ilikuwa mwembeni na nusu mnazini mara zote mbili, na wengine walisimama katikati wakitutazama usoni. Hakuna aliyekosea katika hao, kwa maana neno lililotoka halikuwa na upande. Tukarudia mpaka tukawa na upande. Baada ya hapo tukawaacha wao wenyewe waseme kwa zamu na sisi tukimbie, jambo lililowapendeza kuliko vitabu vyote tulivyowahi kuwaletea.

Kisha ikaja shida iliyo kinyume. Watoto walipojua kuwa h ina nguvu, waliimwaga kama chumvi. Tukapata "hasubuhi" na "haskari" na "hanakuja kesho". Katika daftari moja la dini tulisoma habari za "Hadamu na Awa", yaani h ya mke amepewa mume. Hapo tulijifunza kutosema, Msisahau h. Tulianza kuuliza, Neno hili lakubali au lakataa? Mtoto akijiuliza hivyo kabla ya kuandika, mkono wake hupata sababu.

Ndipo tukafika kwa hu, ambayo twakiri hatujaimaliza. Wewe husomi, yeye husoma kila siku. Moja inakanusha na moja inasema habari ya desturi, na hapa mkia unasaidia. Lakini "husamehe" ni moja kwa mambo mawili: ni tabia ya mtu asameheye, na ni lawama kwa mtu asiyesamehe. Tahajia haiwezi kutuokoa hapo, ila maneno yaliyo jirani. Tena liko kosa ambalo si la watoto tu, twalisikia kwa watu wazima wa mjini, na hata kwa wasemaji wa redio: "wewe haujui." Mti ndio haujui. Mti haukui, mto haujai, mkate haujaiva. Bali wewe, ndugu, hukui, hujui, hujaiva. Watoto wetu walilishika jambo hili upesi tulipowaambia kwamba akisemaye kwa hau amewageuza kuwa miti, na sasa huwasahihisha wakubwa wao nyumbani, jambo lililotuletea malalamiko mawili.

Kwa si tulitafuta kipimo kimoja kilicho rahisi. Mahali penye si, jaribu kuweka ni. "Yeye si mgeni": naweza kusema "Yeye ni mgeni", basi si ni neno linalojitegemea, likae peke yake. "Sijui": siwezi kusema "ni jui", basi si hiyo ndiyo mimi mwenyewe ninayekataa, nami siwezi kutengwa na tendo langu, iandikwe pamoja. Kwa kipimo hicho mtoto atajua kwamba "Kazi yake si kusoma" ni maneno manne, na "Jana sikusoma" ni mawili. Desturi hii si ya jana. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Unguja, alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, alizieleza humo namna za kukanusha, kama sipendi, hupendi, hapendi. Na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ilifanya kazi ya kuziweka tahajia za nchi hizo katika njia moja. Hatuwaambii watoto majina hayo. Lakini sisi twafarijika kujua kwamba watu wengine waliketi usiku na taa kwa ajili ya si na ha.

Wazazi wengine wametuuliza kama inafaa kupoteza siku nyingi hivi kwa herufi, na mtihani waja. Neno lao si la kudharau, na kweli tulichelewa katika hesabu. Wengine wasema kwamba siku hizi watu huandikiana kwa simu, na kwenye simu hakuna ajaliye. "Apana" na "akuna" husomwa zikaeleweka. Ndivyo tulivyosema sisi miaka minane. Twawajibu tu kwamba kijana aliyesoma karatasi ile aliielewa vizuri sana, wala hakusita.

Mama wa mtoto aliyezaliwa mtumbwini sasa amerudi shambani, na mtoto amekwisha kutambaa. Bibi yake hapiti karibu na shule bila kusimama dirishani. Huuliza kwa sauti ya adabu, darasa zima likisikia, "Mwalimu, leo mvua itanyesha au haitanyesha?" Nasi sharti tumjibu kwa neno kamili, kwani ndiyo na siyo hazikubali. Akisikia ha imetoka sawasawa huenda zake. Asipoisikia, hukaa.

Binti yule yuko Darasa la Nne. Kwa muda mrefu hakupenda kuandikia watu barua, na mjomba wake hakumlazimisha. Ijumaa moja ya mwezi uliopita, katika imla, tulifika sentensi ya saba, nayo ilihusu mgeni na mzigo. Tulikuwa tumechoka, mvua ilikuwa ikipiga bati, tukaisoma kwa haraka. Vichwa vyote viliinama vikaandika, isipokuwa kimoja. Akainua mkono.

"Mwalimu, umesema ana au hana?"

Kalamu zikasimama. Tukaweka kiganja mbele ya kinywa, tukaisoma tena.